Mahali Alipolala Brandon

Lakeville, Minnesota
Januari 21, 2025

Ndugu yangu Gitonga,

Nakusalimu wewe, wifi yangu na mtoto, kutoka huku kwenye baridi ambayo leo imefungisha shule. Sisi tuko, kwa kiasi chetu. Shemeji yako Gilbert bado yuko kwenye ghala la Shakopee, wamemfanya msimamizi wa shifti ya asubuhi, lakini magoti yake yanamsumbua. Binti yetu Mumbi ametimiza miaka kumi na sita. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno na kukujibu kwa Kiingereza. Mimi niko pale pale, nyumba ya wazee, nagawa dawa na kuandika ripoti.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu imetushinda. Kila nikikupigia unasema pole dada, nami nasema asante, halafu tunabaki kimya mpaka mmoja wetu asingizie kazi. Baba alipokuwa kazini mbali na kambi ya polisi tuliyokulia pale Nakuru, tulimwandikia barua na zikamfikia. Acha tujaribu hivyo.

Ni miezi minne na nusu tangu mwanangu Brandon akutwe amefariki ndani ya karavani yake, ile nyumba ndogo ya kuvutwa nyuma ya gari, kando ya barabara huko kwenu Australia. Najua wewe ndiwe uliyeutambua mwili na kuutuma nyumbani, na sijakushukuru inavyopasa. Tulimzika kabla ardhi haijaganda. Ripoti ya serikali yenu imefika: hakuna jeraha, hakuna sumu, sababu haikupatikana. Kabla ya hapo walinipigia kuniuliza maswali. Niliwajibu walichouliza.

Sasa nina ombi. Tangu anunue karavani hiyo, kila asubuhi alinitumia picha ya mahali alipolala. Ziko kumi na moja. Hakuna mtu ndani yake, ni meza ya saruji tu, pipa la taka, barabara, mti mmoja mkavu. Alikuwa akiandika, “Nimelala hapa, Mum, bure kabisa.” Nami nilikuwa namjibu kwa alama ya kidole gumba kwa sababu niko kazini. Ya kumi na mbili haikuja. Nimezichapisha na kuzitia humu. Naomba uende ukazione sehemu hizo kwa macho yako, uniandikie zilivyo, na uichukue karavani kutoka yadi ya polisi.

Na uniambie, ndugu yangu, kwa nini aliondoka kwako baada ya wiki tatu. Alipotoka hapa alikuwa amepanga kukaa kwako mwaka mzima.

Dada yako,
Nkirote


Adelaide
Februari 23, 2025

Dada Nkirote,

Barua yako imefika ikiwa imeloa upande mmoja, lakini inasomeka. Tumefurahi kusikia mko wazima. Mpe Gilbert pole ya magoti, na Mumbi hongera ya kutimiza miaka. Sisi huku tunapigwa na jua, jana ilifika digrii arobaini na moja. Mke wangu amepata kazi ya kudumu hospitalini. Binti yetu ameanza shule, anasoma mabango yote ya barabarani kwa sauti mpaka mtu anatamani kufika.

Nimezipanga picha zako mezani na kuzitazama. Nitakwenda. Ila sasa joto la kaskazini si la kuchezea, gari likiharibika mtu anaweza kufa kiu. Nimeomba likizo ya mwisho wa Aprili. Tena mwezi huo ndio wasafiri wa karavani wanapoanza kupanda kaskazini, na wengi hurudi sehemu zilezile kila mwaka. Huenda nikakuta waliomwona.

Kuhusu kuondoka kwake hapa, dada, alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu katika nyumba ya vyumba viwili yenye mtoto mdogo. Alitaka kuchuma machungwa, apate hela, aone nchi. Tuliagana vizuri.

Usiache kula. Gilbert aliniambia umekonda.

Ndugu yako,
Gitonga


Kando ya barabara kuu, kaskazini ya Port Augusta
Aprili 27, 2025

Dada yangu,

Naamini barua hii itawakuta salama na theluji imeyeyuka. Nyumbani kwangu nimewaacha wazima; binti ameng’oka jino la mbele na anajivunia pengo. Nakuandikia nikiwa nimekalia meza ya saruji ya picha yako ya tisa. Nimeitambua kwa ule ufa wa pembeni.

Ngoja nikueleze zilivyo, maana ndiyo kazi uliyonipa. Serikali imetengeneza sehemu hizi ili dereva asisinzie njiani. Unaona uwanja wa changarawe, meza mbili, pipa, tangi la maji lenye kibao kwamba si ya kunywa, na ukibahatika, choo. Kibao kingine kinakuonya usizidishe saa ishirini na nne. Umeme hakuna, mlinzi hakuna, wala hakuna wa kukulipisha. Nchi imelala tambarare pande zote, nyekundu, na lori likija unalisikia muda mrefu kabla ya kuliona.

Wanaolala hapa wengi ni wazee waliostaafu. Wameuza nyumba zao za mjini na kununua karavani. Wanafuata joto kaskazini kukianza baridi na kurudi kusini mwezi wa tisa. Nilidhani watanitilia shaka, Mwafrika peke yake na gari kuukuu. Kabla sijazima injini mzee mmoja alikuwa ameshaniletea kiti na kuniuliza kama nina maji ya kutosha. Kwa hiyo ujue hilo, dada. Mtoto wako hakulala kati ya watu wabaya.

Jana nilifika pahali pa kumi na mbili, ambapo hapana picha. Ni kama hapa tu, ila pana vichaka; sikuweza kulala pale, ndiyo maana nimerudi hapa. Nilimkuta mama mmoja na mumewe kutoka Ballarat, ambao hupita hapo kila mwaka. Nilipowaambia mimi ni mjomba wa Brandon, yule mama alikaa chini kwenye ngazi ya karavani yake.

Akasema, “Alifika mchana. Alimsaidia mume wangu kubadilisha gurudumu, akakataa soda. Jioni akafunga pazia. Asubuhi pazia lilikuwa bado limefungwa, nikasema kijana amechoka, acha alale. Huku mtu akifunga pazia humgongei. Watu tunaishi karibu hivi bila kuta, hiyo ndiyo adabu yetu.”

Mchana akapika supu, akaiweka kwenye ngazi ya Brandon. Asubuhi ya pili akaikuta vilevile. Ndipo akagonga.

Aliniuliza kama mama yake Brandon anajua kwamba wao walikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Nikamwambia nitakuandikia. Mumewe alikuwa anafuta mikono yake na kitambaa ambacho tayari kilikuwa kichafu.

Walinieleza pia kwamba kuna msichana Mkongomani anayeuza katika kituo cha petroli kilometa mia moja mbele ya pale, ambaye alikuja pale siku ya polisi akilia. Kesho nakwenda kumtafuta, halafu nikachukue karavani.

Gitonga


Lakeville
Mei 14, 2025

Ndugu yangu,

Asante kwa barua na kwa safari. Theluji imeisha, Gilbert ameanza kukata nyasi kila Jumamosi kama majirani wote. Mumbi anajifunza kuendesha gari na baba yake kwenye uwanja wa kanisa. Mimi siendi kutazama.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Nimefika kwenye ile supu mara nyingi sasa, na kila mara nataka yule mama agonge asubuhi ya kwanza. Mwambie simlaumu. Au usimwambie, kwa sababu ziko siku namlaumu. Mimi kazini kwangu nikikuta mlango wa mzee umefungwa, nagonga. Asipojibu, naingia. Hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka kumi na tisa, kuingia kwa watu, na mwanangu alilala siku mbili nyuma ya pazia kwa sababu ya adabu.

Nilichukua treni mpaka Cedar-Riverside, mtaa wa Waafrika wengi, juzi kununua unga na viungo, nikamwona kijana mrefu mwenye mabega kama yake anapanda ngazi za maghorofa ya pale. Nilimfuata mpaka kwenye lifti. Aliniuliza, “Mama, umepotea?” Nikamwambia ndiyo.

Huyo msichana alikwambia nini? Kama alisema jambo lolote kuhusu afya ya Brandon, ufahamu kwamba vijana huzungumza mengi. Brandon alikuwa mzima. Niliwaambia hivyo wale wa serikali, na hivyo ndivyo ilivyo.

Hujanijibu bado kwa nini aliondoka kwako.

Nkirote


Adelaide
Juni 8, 2025

Dada Nkirote,

Sisi ni wazima huku. Karavani nimeifikisha, iko uani kwangu, nimeifunika turubai. Mvua zimeanza. Hizo ndizo habari za nyumbani, na sasa nitaandika lile ambalo nimeliandika mara nne na kulichana.

Msichana anaitwa Héritière, mzaliwa wa Uvira, amekuja huku na wazazi wake kama wakimbizi. Walikutana na Brandon kwenye mashamba ya machungwa. Nilimngojea amalize zamu, tukakaa nje ya kituo kwenye kreti za soda. Nikamuuliza kama Brandon alikuwa akiumwa. Alinitazama kama mtu anayedhani anajaribiwa.

“Papa, miye nilijua toka mwanzo,” akasema. “Wiki ya kwanza tu, tuko kwa machungwa, aliniambia: nina kifafa, nikianguka usinishike mikono, nigeuze kwa ubavu na uangalie saa. Alisema bila haya, sawa mtu anakuambia jina lake.”

Nikamuuliza kuhusu dawa.

“Zilimuishia mwezi wa nane. Nikamuambia twende kwa docteur. Akasema, docteur atachukua leseni yangu, na nyumba yangu inavutwa na gari. Nikamuambia basi weka karavani huku nyuma ya kituo, mimi niko, mama yuko. Akasema nitakuja Alhamisi.” Kisha akaniuliza, “Ninyi hamkujua?”

Dada, nilimwambia hatukujua.

Niliingia kwenye gari nikashindwa kuwasha, kwa sababu mimi nilijua. Wiki ya tatu alipokuwa kwangu, alianguka jikoni tukipata kiamshakinywa. Binti yangu alikuwa mezani. Nilimshika mikono, ndivyo nilivyofanya, kwa nguvu zangu zote, na mke wangu akapiga kelele. Alipozinduka jambo la kwanza alilosema ni, “Mjomba, usimwambie Mum kwamba nimeanguka tena. Aliniapisha nisimwambie mtu.” Ndipo nikafahamu kwamba wewe unajua.

Kwa siku mbili binti yangu alikuwa anajitupa sakafuni na kutikisa miguu akicheka. Kwake ulikuwa mchezo. Mke wangu hakuweza kuvumilia. Nami nilikuwa na hofu, dada, sina neno jingine. Nilimwita Brandon kando nikamwambia atafute daktari au atafute pahali pengine pa kuishi, nikampa siku tatu. Alikunja nguo zake siku hiyohiyo. Aliosha hata kikombe alichonywea.

Walipokuja wale wa serikali baada ya mimi kuutambua mwili, waliniuliza kama alikuwa na ugonjwa. Nilifikiri: dada amekwisha kuwajibu, nikisema vingine nitamwaibisha. Nikasema sijui.

Kwa hiyo usiniulize tena kwa nini aliondoka. Hatukuagana vizuri. Nilimfukuza.

Gitonga


Lakeville
Agosti 17, 2025

Gitonga,

Sisi hatujambo. Gilbert amefanyiwa upasuaji wa goti la kushoto, anatembea na magongo na kulalamika, maana yake anapona. Watu wa kanisa wameleta chakula mpaka friji imejaa. Nami namshukuru Mungu kwamba wifi na mtoto hawajambo, ingawa imenichukua muda kuweza kuandika hivyo.

Barua yako ilifika mwisho wa Juni. Niliisoma ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini, kisha nikaingia nikagawa dawa za wazee kumi na wanane bila kukosea hata moja. Nilirudi nyumbani nikakuchukia wiki sita. Nilikuona ukimshika mikono. Nilimwona akiosha kile kikombe. Nilikuandikia barua ambazo namshukuru Mungu sikuzituma.

Wiki ya saba nikaishiwa na wa kumchukia nje ya nyumba yangu.

Alikuwa na miaka kumi na minane alipoanguka mara ya kwanza, kwenye pikiniki ya kanisa, mbele ya kila mtu tunayemjua. Niliwaambia ni joto. Nikamtafutia kliniki upande wa Saint Paul, na unajua nilivyoichagua? Nilizunguka hospitali za mji huu moja baada ya nyingine kichwani, nikitafuta pahali ambapo hakuna muuguzi Mkenya. Tuko kila wadi, Gitonga. Ilinichukua wiki mbili kupata. Wiki mbili mtoto hana dawa.

Nilimkalisha kwenye gari nikamwambia, “Watu wakijua hutaoa, na watasema ukoo wetu una laana.” Akaniuliza, “Mum, wewe unaamini hivyo?” Nikamwambia si suala la kuamini. Kazini namweleza mtoto wa mgonjwa kila wiki kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, una dawa, hauna aibu. Naeleza vizuri, wananishukuru. Gilbert alitaka tuwaambie wachungaji angalau. Nilimwambia akisema nitahama nyumba.

Jumanne iliyopita, jioni, huko kwenu ikiwa asubuhi, nilipigia ile ofisi ya serikali yenu ya uchunguzi wa vifo. Nilimwambia mama aliyepokea kwamba mwaka jana niliulizwa kama mwanangu alikuwa na ugonjwa na nikasema hapana, na kwamba nilisema uongo. Hakunikemea. Aliniuliza jina la kliniki, majina ya dawa, mwaka alioanza kuanguka. Nilisikia akiandika. Kisha akauliza kama kuna mtu mwingine aliyewahi kumwona akishikwa na kifafa. Nikampa jina lako na namba yako.

Nilipokata simu Mumbi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo. Alikuwa amesikia yote. Nilianza kumweleza, akanikatiza kwa Kiingereza chake cha taratibu.

“I knew,” akasema. Alijua. Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipomkuta kaka yake sakafuni mara ya kwanza, mimi na Gilbert tuko kazini. Tangu hapo ilikuwa mara saba. Alifunga milango, akakaa naye mpaka azinduke. Kisha alifua suruali zake na kuzikausha na kuzikunja kabla gari langu halijaingia. Brandon alimwomba asiseme kwa sababu mimi nilikuwa nimemwapisha yeye asiseme. Miaka mitano, Gitonga, nilikuwa nikimsifu mtoto huyu mbele ya wanawake wa kanisa: binti yangu anapenda kufua.

Kisha akaniuliza kama kaka yake angekuwa hai kama tungezungumza. Niliketi pale chini karibu na kikapu, naye akaketi, tukalia mpaka Gilbert akaja na magongo yake kuuliza kumetokea nini.

Wakikupigia, waambie kila kitu. Waambie jikoni, waambie na zile siku tatu. Mimi nimekwisha kuwaambia yangu.

Kisha uombe likizo uje, uje na wifi na mtoto. Sijakusamehe, na sitaandika kwamba nimekusamehe ili barua iishe vizuri. Lakini Mumbi ana maswali kila siku sasa, anauliza mpaka kwenye gari, na mengine ni ya kule kwako, wiki zile tatu, alikula nini, alicheka na nani. Mimi siwezi kumjibu. Wewe ulikuwepo.

Dada yako,
Nkirote